Siku Sauti ya Lubinza Ilipohamia kwa Nkwabi

Vijana wa chumba cha mitambo mmeniomba niwaachie maandishi kidogo kabla sijaisahau njia ya ofisini. Nimekubali upesi kuliko inavyopendeza, kwa sababu mtu aliyestaafu juzi akiombwa jambo lolote huliona ni heshima. Mmeniomba pia nisiwahubirie. Basi sitagusa vyeo, maana vyangu vilikuwa vichache na vilichelewa, wala mshahara, maana wangu mnaujua, ndio huohuo wenu. Nitazungumzia nyaya, tepu, na manju mmoja wa Kharumwa ambaye nusura apoteze watu wake wote kwa sababu ya kile kisanduku mnachokipenda, kile cha kuifanya sauti ya mono ijidai kuwa stereo.

Nilifika Shinyanga nikiwa na digrii ya fizikia na imani kwamba sauti zote za nchi zilikuwa zikinisubiri. Chuo kikuu nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya mawimbi ndani ya mabomba, na hadi leo sijakutana na mtu aliyezisoma mpaka mwisho, nikiwemo mimi. Kitengo chetu cha sauti kilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la pamba, jirani na reli. Kazi yake ilikuwa kutengeneza masomo ya kilimo, ambayo landrova yenye spika juu ya paa iliyazungusha vijijini. Katikati ya masomo tuliweka nyimbo za ngoma, kwa kuwa hakuna mkulima atakayesimama juani kusikiliza habari za kung'oa na kuchoma mabua ya pamba bila kupewa kwanza sababu ya kusimama.

Kuta za studio tulizifunika kwa magunia ya pamba. Pamba inameza mwangwi vizuri kuliko kitu chochote nilichokiona baadaye kwenye vitabu vya kampuni za ng'ambo, na ina kasoro moja tu, kwamba panya nao wanaipenda. Mkuu wa chumba alikuwa Mama Boni, mama wa Ushirombo aliyeanza kwa kurekodi kwaya ya parokia, akapelekwa kusomea mitambo, akarudi na bisibisi aliyoiweka kwenye mkoba mmoja na rozari. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza nimesomea nini. Nikasema fizikia ya mawimbi.

"Vizuri, baba," akasema. "Kuna wimbi linakwaruza nyuma ya gunia la tatu. Kalitoe."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kitaalamu. Panya alinishinda, lakini tulimhamishia kwa mhasibu wa ghala.

Wakati huo tulikuwa na tepurekoda moja na maikrofoni moja, mono tupu. Ninyi mnaoshika vitufe vingi kama mpiga kinanda huenda mkatuhurumia. Msituhurumie. Mwenye maikrofoni moja huchanganya sauti kwa miguu ya watu. Mama Boni alichora mistari ya chaki sakafuni: mwimbaji hapa, mwitikiaji hatua moja nyuma, ngoma kubwa karibu na mlango, na mpiga filimbi nje kabisa kama ana pumzi nyingi. Ngoma ikizidi, hatukugusa kitufe, tulimwomba mpigaji arudi nyuma. Mmoja alirudishwa nyuma mara nyingi hata akajikuta ukumbini kwa mhasibu, na ile ndiyo ngoma nzuri kuliko zote nilizowahi kurekodi. Treni ikipita, tulisimama wote kama tunaswali, kisha tukaanza upya.

Kazi ngumu zilikuwa za nje. Nakumbuka tulivyokwenda upande wa Geita kurekodi wachimbaji wadogo wakiimba huku wanatwanga mawe. Wimbo ulikuwa mtamu, lakini kila ulipokolea mmoja wao aliona kitu kinang'aa kwenye jiwe, akanyamaza, na mwenzake akanyamaza kutazama mwenzie amenyamazia nini. Kwenye utepe wimbo unakatika ghafla, halafu unasikia watu wanasukumana. Tuliupiga hivyohivyo vijijini, na wakulima wakauomba tena kuliko nyimbo zilizokamilika.

Stereo ilitufikia katikati ya miaka ya sabini, kwenye makreti yaliyoandikwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Ndani mlikuwa na tepurekoda mbili za njia mbili, moja ya studio na moja ya gari, hedifoni, mtambo wa mwangwi, na kisanduku kidogo chenye kitufe kimoja cha kuzungusha. Kazi ya kisanduku ilikuwa kugawa sauti moja kati ya spika mbili. Ukiipa zaidi spika ya kushoto, sikio linaamini mwimbaji yuko kushoto. Ukizungusha taratibu, sikio linaapa kwamba amenyanyuka na kutembea. Hajatembea, yuko palepale kwenye chaki yake na hajui lolote. Ni ugawaji wa sauti tu, na sikio lina tabia ya kuamini linachogawiwa.

Tatizo ni kwamba hazina yetu yote ilikuwa mono. Kwa hiyo tulifanya mnayoyafanya ninyi leo kwa kujivuna. Tulichukua sauti moja kavu, isiyo na mwangwi, tukaitengenezea pacha, tukamchelewesha pacha huyo kidogo, huyu kushoto na yule kulia, na chumba kikawa kipana. Jaribio la kwanza lilikuwa somo la bwana shamba. Nilimpanua vizuri sana, nikakipeleka kipindi kijijini nikiwa na kifua mbele. Mwisho wa somo mzee mmoja aliyekuwa amekaa katikati akauliza kwa adabu yule bwana shamba wa pili ni nani, anayerudia kila anachosema wa kwanza. Nikamwambia ni mmoja. Akasema sawa, lakini huyo wa pili asiajiriwe, hana mawazo yake mwenyewe.

Mama Boni alicheka njia nzima. Mimi nikatia moyoni kwamba kosa lilikuwa kwenye somo, si kwenye kisanduku, na nikangoja nipate mwimbaji.

Mwimbaji akaja mwenyewe. Lubinza alikuwa manju wa Kharumwa, maana yake kiongozi na mtunzi wa kundi la ngoma, mtu mrefu mwenye sauti iliyoweza kuita ng'ombe kutoka kijiji cha pili. Kwa wageni wa kazi hii nieleze kidogo. Mashindano ya mbina, yaani ngoma, huku kwetu hayana jukwaa wala zamu. Makundi mawili hasimu hucheza wakati uleule, uwanja uleule, moja mwisho huu na jingine mwisho ule, na watu wanahama kati yao wapendavyo. Jioni ikifika, mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Kila kundi ni la mojawapo ya pande mbili kubwa za jadi, na majina ya pande hizo mnayajua. Siyataji, kwa kuwa zote mbili bado zinanidai maelezo.

Lubinza alikuwa na mashindano yanakuja palepale Kharumwa, dhidi ya manju aliyeitwa Nkwabi, mtu mfupi, mpole, mwenye tabasamu la mtu anayejua bei ya kitu kabla yako. Landrova yetu ilikuwa imealikwa. Ingesimama katikati ya uwanja, ipige somo la kilimo, kisha wimbo wa kila manju kabla ngoma hazijaanza. Kwa hiyo Lubinza alitaka wimbo mpya. Nikamvisha hedifoni, nikampigia kipande cha majaribio nilichokuwa nimekitengeneza kwa sauti ya Masanja, dereva wetu, akihesabu moja hadi kumi huku anavuka kutoka sikio hadi sikio. Lubinza alimfuata Masanja kwa macho ukutani. Alipofika kumi, Lubinza alikuwa anatazama magunia ya kushoto kabisa.

"Amepitia wapi?" akauliza.

"Kichwani mwako, manju."

Akavua hedifoni, akazitazama pande zote mbili, akazivaa tena. Kisha akasema na yeye atembee.

Mama Boni hakupenda. Alimweleza kwamba hedifoni ni kitu kimoja na uwanja ni kitu kingine, kwamba mtu aliyesimama upande mmoja wa gari atausikia upande huo tu. Lubinza akasema ndiyo sababu anataka kutembea, ili kila mtu apate zamu ya kumsikia kwa karibu. Niliona hoja ina akili, kwa kuwa nilikuwa nimeshika kitufe.

Tukarekodi ngoma zake kwenye njia moja ya utepe na sauti yake kwenye ya pili, kila moja mono, kavu kama muhogo wa kuanika. Wakati wa kuchanganya, ngoma nikaziacha katikati na sauti nikaipitisha kwenye kisanduku. Ilianza kulia, ikavuka, ikarudi. Ubeti wa mwisho ulikuwa wa kuaga, na Lubinza akasema angependa aage kama mtu anayeondoka kweli. Basi nikaipeleka sauti polepole hadi kushoto kabisa, ikaishia huko.

Siku ya Kharumwa, Masanja aliliegesha gari katikati ya uwanja, pua kuelekea barabarani, kwa sababu hakupenda jua la usoni. Juu ya paa zilikuwapo spika mbili za tarumbeta, moja imeelekezwa kulia na nyingine kushoto. Upande wa kulia alikuwa Lubinza na watu wake. Upande wa kushoto, Nkwabi. Hakuna kati yetu aliyeliwaza hilo. Miaka yote spika zile zilikuwa zikisema kitu kimoja, na gari linalosema kitu kimoja halina kulia wala kushoto.

Somo likaisha, watu wakiwa wamejaa kulizunguka gari. Nikaupiga wimbo wa Lubinza. Sauti ikalipuka kulia, na umati ukamiminika kulia, wanawake wakipiga vigelegele. Lubinza alikuwa mbele ya kundi lake, mikono kiunoni, anapokea. Kisha sauti ikaanza kuvuka. Upande wa kulia zikabaki ngoma bila mwimbaji. Watu wakatazamana, na wa pembeni wakaanza kuzunguka nyuma ya gari, kwanza wakitembea, halafu wakikimbia, wamwahi mwimbaji. Sauti ikarudi kulia, nao wakarudi, wakicheka, wakikanyagana. Waliufanya mchezo. Nilikuwa ndani ya gari na niliona vichwa vikipita dirishani kama mbuzi waliofunguliwa. Niliandika moyoni kwamba hii ni siku kubwa katika historia ya sauti.

Ubeti wa kuaga ukaja. Sauti ikaondoka kulia, ikavuka, ikaenda kushoto na kukaa huko, na Kharumwa nzima ikaifuata. Utepe uliponyamaza, watu wote walikuwa mbele ya Nkwabi. Nkwabi hakupoteza hata pumzi moja. Akanyanyua mkono, ngoma zake zikaanza, na nani angeondoka? Upande wa pili alibaki Lubinza na wapigaji wake, na mbwa.

Jioni hapakuwa na haja ya kupima kwa macho. Maneno yalikuwa yamekwisha kuenea kwamba dawa ya Nkwabi ya kuvuta watu imekomaa kupita kiasi, sasa inavuta hata sauti ya mtu kutoka kooni na kumwachia mdomo. Nkwabi alipoulizwa hakukubali wala hakukataa. Hakuwa mtu wa kukanusha sifa.

Sasa mtaona ni uzito gani. Kundi la ngoma huku si la kucheza tu. Watu walewale wanaocheza na manju ndio wanaolima pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Wacheza wa Lubinza walianza kuhamia kwa Nkwabi, mmoja mmoja, kwa visingizio vya ndoa na misiba. Pamba yake ikaanza kuzidiwa na magugu. Mke wake alimuuliza kama akiimba pale nyumbani, ile sauti ni yake au ameazima. Na mashindano mengine yalikuwa mbele, Masumbwe, tena na Nkwabi huyohuyo. Akishindwa huko, asingekuwa tena na kundi.

Nilikwenda mwenyewe Kharumwa kuwaelimisha waliobaki. Nilichora mawimbi mavumbini kwa kijiti, nikachora spika, nikachora sikio, sikio likatoka kama kiatu. Walinisikiliza kwa upole. Mwishoni kijana mmoja mpiga ngoma akauliza:

"Kwa hiyo mwalimu, ile sauti ilikwenda kwa Nkwabi au haikwenda?"

"Haikwenda."

"Lakini wewe ulikuwa ndani ya gari. Uliisikia iko wapi?"

"Niliisikia kushoto."

"Basi," akasema, na kikao kikaisha.

Asubuhi moja baada ya hapo Lubinza akaingia studio. Hakukaa. Mama Boni alimwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, akaitikia kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayetunza kidogo kilichobaki. Akataka sauti yake irudishwe. Mama Boni akamwambia hilo ni jepesi: utepe wa mwanzo upo, sauti imekaa katikati, Masumbwe tutapiga huo na spika zote mbili zitasema neno moja kama zamani.

Lubinza akatikisa kichwa. "Watu waliiona ikienda, mama," akasema. "Lazima waione ikirudi."

Nimekaa vyuoni na kwenye semina nyingi, na sijasikia mtu akiieleza stereo vizuri zaidi. Mama Boni akatoa bisibisi mkobani, jambo alilolifanya alipokuwa amekubali kitu bila kutaka kukisema.

Mpango ulikuwa huu. Tungechanganya upya, sauti ianze kushoto, kwa Nkwabi, itembee taratibu ubeti hadi ubeti, iishie kulia, kwa Lubinza, na ikae. Lubinza mwenyewe angekwenda kwa miguu yake hadi upande wa Nkwabi kabla wimbo haujaanza, mdomo umefungwa, aipokee sauti yake na kuiongoza hadi nyumbani mbele ya watu wote. Tulifanya mazoezi studio, spika moja huku na nyingine kule, yeye akivuka katikati kwenye mistari ya chaki. Mwanzoni alikuwa anawahi kufika kuliko sauti.

"Umeiacha nyuma," Mama Boni akamwambia. "Rudi. Nenda mwendo wa mtu anayeswaga ng'ombe mwenye mimba."

Hapo akapata. Alivuka chumba chetu cha pamba na sauti yake ubavuni mwake, mimi nikiwa nimeshika kitufe, na nakiri nilisahau kukiachia hata baada ya utepe kwisha.

Masanja alielekezwa kuegesha kama Kharumwa, pua barabarani. Alielekezwa mara nyingi hata akakasirika. Lubinza aliahidi kuchukua upande wa kulia wa gari. Tuliporidhika, tukasahau jambo moja ambalo kila mtu wa huku analijua, na mimi zaidi ya wote nilipaswa kulijua kwa kuwa nimezaliwa huku: mwisho wa uwanja haupangwi, unachaguliwa na anayewahi. Nkwabi aliwahi Masumbwe. Sidhani kama alijua mpango wetu. Nadhani aliona tu kwamba upande ule una kivuli.

Tulifika umati umeshajaa. Ulitupisha na kujifunga nyuma yetu. Masanja akaegesha pua barabarani, kwa usahihi wa kujivunia, na watu wakaegemea milango, wakakalia bamba la mbele. Nikaanza somo. Bwana shamba alikuwa anafikia magugu nilipoinua macho na kuyaona manyoya ya kichwani mwa Nkwabi yakipepea kulia. Nikatazama kushoto. Ngoma za Lubinza zilikuwa kushoto. Na Lubinza mwenyewe, amefunga mdomo, ameshaanza kutembea kuelekea kwa Nkwabi, kama tulivyomfundisha.

Wimbo ule ungeanzia upande wake mwenyewe, mbele ya watu wake, kisha ungevuka uwanja wote hadi kwa Nkwabi na kukaa huko. Tena safari hii naye angekuwa amesimama hukohuko kuupokea. Sauti ingehama mara ya pili, na mwenye sauti pamoja nayo.

Gari lisingeweza kugeuka. Spika zilifungwa kwa boliti juu ya paa. Nyaya za kutoka kwenye tepurekoda zilikuwa kwenye plagi moja ya mviringo, kushoto na kulia humohumo, haibadilishwi bila kuchomelea. Bwana shamba alikuwa amefika kwenye mabua, na baada ya mabua hakuna tena somo.

"Bonyeza mono," akasema Mama Boni.

Mtambo ulikuwa na kitufe hicho, cheupe, sijawahi kukigusa, nilikidharau. Kinaziunganisha njia mbili na kuzipeleka sawa kwenye spika zote.

"Haitatembea, mama. Yuko kule anaingoja."

"Akiikosa, ni mtu aliyepotea njia, watamcheka wamalize. Ikimfuata kule, hana watu tena. Bonyeza."

Nikabonyeza.

Sauti ya Lubinza ikatoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, nene, haina kwao. Lubinza alikuwa ameshaingia katikati ya wacheza wa Nkwabi, kichwa kimeinama kidogo upande, tayari kuipokea. Nilimwona akishtuka. Aliitafuta juu ya kichwa chake, akageuka, akaitafuta nyuma. Wacheza wa Nkwabi wakaanza kucheka. Nkwabi mwenyewe akamsogelea na lile tabasamu lake.

"Karibu, manju," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi garini. "Umekuja kuichukua? Chukua basi."

Ubeti wa kwanza ukapita, Lubinza amesimama. Watu wake upande wa kushoto walikuwa wamekaa chini kama wafiwa. Mama Boni alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na sikujua anashika rozari au bisibisi. Utepe ukaimba mstari wa kwanza wa ubeti wa pili, na hapo Lubinza akafungua mdomo.

Hakuimba pamoja na utepe. Aliuitikia. Utepe ulitoa mstari, naye akaujibu kwa mstari aliouzua hapohapo, akiiambia sauti ile kwamba nyumbani wanaiulizia, kwamba magugu yamekua, kwamba mke ameshachoka kuishi na bubu. Utepe ukatoa mstari mwingine, akaujibu, na mguu wake ukaanza kwenda. Alikwenda ule mwendo wa ng'ombe mwenye mimba. Watu waliokuwa katikati walikuwa na sauti ya kwenye gari mbele na nyuma yao, na mtu wa kweli kati yao anayeijibu, na kwa kuwa gari lilisema kila mahali, kilichobaki cha kufuata ni yule anayetembea. Wakamfuata. Waliipita landrova pande zote mbili, hata wale waliokalia bamba wakashuka. Mwanamke mmoja wa kundi la Nkwabi akamwambia mwenzake kwamba inakuja, inakuja, yuko nayo.

Wimbo uliisha Lubinza akiwa amefika kwa watu wake, na ngoma zake zikapokea bila pengo, jambo ambalo hatukulifanyia mazoezi kabisa. Nkwabi naye akaanzisha zake, na niseme kwa haki kwamba alicheza vizuri sana siku ile, mbele ya watu wa kutosha. Jioni kulikuwa na mabishano ya nani ana umati mkubwa, na nasikia Masumbwe bado yapo. Lakini niliwaona vijana wawili waliokuwa wamehamia kwa Nkwabi wakivuka uwanja, wanajifanya wanatafuta maji ya kunywa. Wakafika kwa Lubinza. Hakuna aliyewauliza kitu. Mmoja akaipokea ngoma kutoka kwa mtu aliyekuwa amechoka, akaendelea kuipiga.

Tulikuwa tunakunja nyaya Lubinza alipokuja garini, jasho limemlowesha hadi kwenye manyoya. Akaegemea dirisha upande wangu.

"Mwalimu, mbona haikutembea?"

Nikaanza kumweleza habari za pande kubadilishana, za plagi ya mviringo, za njia mbili kuunganishwa. Alisikiliza kidogo, kisha akanyanyua mkono kwa heshima, kama mtu anayemzuia mwenyeji asimwongezee chakula.

"Niliposikia imejaa kote," akasema, "nikajua bado haijaamua ikae wapi. Nikaiita."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na digrii nzima ya jibu hilo, na mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Mama Boni akanikanyaga mguu, akasimama hapohapo juu yake, akamtazama Lubinza usoni.

"Ndiyo, manju," akasema. "Sote tumeiona ikirudi."